Nilivyojitangaza Marehemu kwa Sababu ya Mkopo wa Chuo

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilifika mtaani kwetu Shika Adabu nikakuta majirani wanatandika mikeka ya matanga uani. Nikauliza, "Kafa nani?" Mwanamke aliyekuwa jikoni akanitazama, akatupa mwiko, akakimbia. Shangazi yangu Mwanaisha akaanguka chali akitamka shahada.

Aliyekufa nilikuwa mimi.

Ngoja nikueleze. Nilisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, na nilipoajiriwa kiwandani Changamwe nikawa nalipa kila mwezi bila tabu. Halafu, miaka ya tisini, kiwanda kikakosa soko, mishahara ikakatwa nusu. Malipo ya mkopo yakabaki yale yale. Nikaona haya kusema nimepungukiwa, mimi niliyejigamba na digrii yangu mtaa mzima! Nikaacha kulipa, nikanyamaza. Barua ya tatu ya kudai ilinikera, nikairudisha posta nimeandika juu yake: "Mwenyewe amefariki." Wallahi, nililala usingizi mtamu.

Kumbe ofisi ile ya mikopo ilikuwa na watu wenye huruma. Walimwandikia mama barua ya rambirambi, na mwishoni wakaomba cheti cha kifo. Mama, ambaye hakuwa ameniona wiki mbili kwa kuwa nilipanga chumba karibu na kiwanda, hakuisoma hadi huko mwishoni.

Wali wa matanga ulikuwa umeshaiva. Watu waliula wakinitazama kwa hasira. Lakini mama hakula. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia, na hilo linaniuma mpaka leo.

Jumatatu alinishika mkono kama mtoto wa chekechea hadi ofisini. Mzee mmoja wa miwani akafungua faili.

"Poleni. Marehemu ni nani wenu?"

"Ndiye huyu," mama akajibu. "Kakatwa mshahara, akaona heri afe."

Mzee alicheka hata akavua miwani. Kisha akanikazia macho. "Binti yangu, mshahara ukishuka njoo utwambie, tupunguze. Tutajuaje nawe umenyamaza?"

Akanipangia nilipe nusu. Hatukumaliza hata robo saa.

Basi mwanangu, mkopo wa masomo hulipwa kwa kipato, na kipato hupanda kikashuka. Kikishuka, nenda kaseme mapema, usione haya. Kikipanda, ongeza malipo mwenyewe kabla hujazoea kutumia chote. Nilipopandishwa cheo ndivyo nilivyofanya, nikamaliza mapema. Mungu akupe riziki pana, na siku itakapopungua akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli. Amin.