Saa Inayozima Saa Nne

Juzi kwa fundi simu, Newala, mama mmoja mtu mzima alivua saa ya kuhesabu hatua, akaisukuma mezani kwa kidole.

"Kaninunulia mwanangu. Yuko Dar, hatua zangu anaziona kwenye simu yake. Kila siku ananipigia: 'Mama, mbona kuanzia saa nne hutembei? Unaumwa?'"

Fundi akaichomeka, akaitazama. "Betri imezeeka, mama. Asubuhi inaonyesha imejaa, ikifika saa nne inazima."

"Saa nne ndiyo nateremka bondeni kuchota maji. Nilianza yeye yuko mgongoni."

Akaokota ndoo yake, akaondoka.

Betri mpya itapatikana. Ila mtoto wa Newala asiyejua mama yake yuko wapi saa nne, huyo fundi hamwezi.