Mlima wa Kusindikizia Wageni

Wageni waliokuja kunipa pole ndio walionimaliza. Nalisema wazi, nimeshazeeka, na hasira haijaniisha.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, kwetu Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi. Moyo ulinibana nikipanda mlima, nikiinua ndoo, wakati mwingine nikiinama tu kupalilia maharage. Hospitali walinipa vidonge vya kumeza na vingine vidogo vya kuweka chini ya ulimi. Vilisaidia, kisha vikaacha. Daktari akaongeza, akabadilisha, mwishowe akasema, "Mama, dawa tulizo nazo zimeishia hapo. Jifunze kuishi na hayo maumivu. Usijichoshe."

Usijichoshe! Mwanamke mwenye migomba na watoto, asijichoshe. Nilitamani nimkabidhi jembe langu.

Hata hivyo nilijifunza. Nilichota maji nusu ndoo. Nilipalilia nikiwa nimekaa juu ya gunia. Kidonge cha ulimi nilikiweka kabla ya kazi, sikungoja kubanwa. Lakini kwetu mgeni haondoki peke yake. Ukimuaga mlangoni, umemfukuza. Lazima umsindikize, na kutoka kwangu hadi barabarani ni mlima mtupu. Basi watu walikuja kuniona kwa sababu naumwa moyo, wakala, wakaniambia "Ihangane", yaani vumilia, halafu wakasimama kusubiri niwapandishe mlima. Nilirudi nimeshika kifua, naegemea mgomba hadi mgomba. Hilo neno ihangane nililichukia kuliko maumivu yenyewe.

Siku moja nikakataa. Nikawaaga nikiwa nimekaa kwenye mkeka. Kanisani ikasemwa kwamba naringa. Mume wangu akanisihi niwasindikize hata kidogo, tusiaibike.

"Wasindikize wewe, mwenye moyo mzima," nikamwambia. Akachukua kofia yake, akawafuata.

Sababu nilikuwa nayo. Dada yangu mkubwa alikuwa amekimbia kutoka Burundi alikoolewa, akaishi kambini, na Jumapili baada ya misa alikuja kwangu. Nguvu zangu nilimwekea yeye. Yeye hakuniambia nivumilie. Aliuliza, "Leo kumebana wapi?" Kisha tulipanda polepole, tukikaa kila nilipotaka kukaa, mpaka juu.

Ikafika zamu yake ya kupanda malori ya kurudi kwao. Wiki hiyo sikugusa jembe. Nilikataa hata kufagia. Nilitaka kitu kimoja tu, kumfikisha dada yangu barabarani, kwa sababu sikujua kama tungeonana tena.

Alipokuja kuniaga nikaweka kidonge chini ya ulimi, tukatoka. Hatukufika hata nusu. Kifua kikakaza, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikaweka kidonge kingine. Hakikufanya kitu. Nikakaa chini njiani, nikalia kwa hasira, nikayatukana mapigo yangu mwenyewe.

Dada akaniinua, akanishika kiunoni, akanirudisha taratibu hadi mlangoni kwangu. Alinikalisha kwenye mkeka, akanifunika miguu kwa kitenge chake, akakiacha hapo.

"Leo nimekusindikiza mimi," akasema.

Mume wangu akachukua kofia yake. Nikawatazama wakipanda, dada yangu mbele. Mtu niliyemtunzia nguvu zangu zote, nilimuaga nikiwa nimekaa, kama wale wengine.