Daraja Lililokatikia Kwenye Simu Yangu

Jamani, mkicheka chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka nimechoka, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke nijitupe humo na bukta yangu.

Hapa mtaani kwetu Mafinga mimi ndiye mwenye habari za dunia. Nani kapinduliwa huko, wapi kumetetemeka, yote nawapa watu kabla redio haijasema (na sifa nilizipenda, sikatai). Sasa ile Jumamosi ya posa ya dada yangu Tumaini, wakwe wanatoka Mbeya, na kwa kuwa baba alishafariki mpokeaji ni mimi kaka mkubwa, asubuhi naona video kwenye grupu, daraja linazolewa na maji, chini wameandika njia ya Makambako, ileile wanayopitia wageni wetu, imekatika. Mbio mpaka jikoni, akina mama ndiyo kwanza wanabandika masufuria, nikatangaza: zimeni moto, wageni hawaji.

"Si umpigie mshenga kwanza?" shangazi akasema.

Sasa simu yangu ilikuwa na bando la intaneti tu, dakika sina, mshenga naye anatumia kitochi, kisimu cha kupiga na kupokea tu, na kuomba simu ya shangazi mbele ya wale mama wote niliona najishusha. Nikamjibu, "Shangazi, dunia nzima imeshajua, simu ya nini tena?" Basi moto ukazimwa, majirani wakarudi makwao, kuku sita wakafunguliwa kamba, Tumaini akajifungia chumbani analia. Mimi nikavaa bukta.

Saa saba hivi namwona jogoo anapekua mchicha wangu, nikamkimbiza uwanja mzima na fagio, naye kufika getini akapita katikati ya miguu ya mshenga. Nyuma ya mshenga wazee wanne wa suti na mama wawili wa vitenge.

"Kamwene," nikasalimia, fagio bado liko juu.

Mshenga akatazama jiko lililopoa, akatazama bukta. "Tumeelewa. Ila kama mmetukataa, mngetuambia tukiwa bado Mbeya."

Aisee! Dada kaisubiri siku hii miaka minne, halafu mimi nimpokelee wakwe kwa fagio! Nikawaonyesha video. Mshenga, kumbe zamani alikuwa dereva wa malori, akavaa miwani, akaangalia mpaka mwisho.

"Mwanangu, hii ni nchi gani? Mbona magari yote yanapita kulia?"

Aliyeanza kucheka ni shangazi. Nikapigwa faini ya mbuzi, wageni wakasubiri chakula mpaka jioni, na yule jogoo alikamatwa na Tumaini mwenyewe, macho bado mekundu.

Harusi ilishapita, ila ukweni mpaka leo wananiita Daraja. Tumaini alinisamehe, akaniambia, "Kaka, za dunia endelea kutupa. Za Mbeya, uliza."

Siku hizi sinunui bando lisilo na dakika.