Punda wa Darubini Yetu

Siku yangu ya kwanza kazini kama msaidizi wa maabara, katika shule ya wasichana huko Ilemela, Msimamizi wa Maabara hakunionyesha darubini. Alinionyesha stendi yake: miguu mitatu ya mbao na juu yake kichwa cha chuma kinachogeuka.

"Bomba la darubini ni abiria," alisema. "Huyu ndiye punda. Mjue punda kwanza."

Stendi zina ukubwa mbalimbali, na kila moja ina kikomo cha uzito. Yetu ilikuwa ya kilo saba. Hapo unajumlisha bomba, pete zinazolishika, lenzi za kutazamia, na kamera ukiifunga. Vyuma vya kusawazisha upande wa pili havimo katika hesabu. Kwa kupiga picha, Msimamizi alitaka nusu tu ya kikomo. "Punda aliyejaa husimama," aliniambia, "ila upepo wa ziwa ukija, hutetemeka."

Ilikuwa miaka ya soko huria, na Mkuyuni kulijaa vifaa vilivyotumika. Huko Mkuu wa Shule, mama mwenye haraka, alinunua bomba jeupe, refu karibu kama mimi, bila stendi. Bodi ilitaka kufunga klabu yetu ya nyota ili chumba kiwe stoo. Aliamini bomba hilo lingetuokoa siku ya wazazi.

Msimamizi akaazima mizani ya muuza sangara, akalining'iniza. Kilo sita na nusu.

"Si hazijafika saba?" Mkuu wa Shule akafurahi.

"Bado pete na lenzi, mama. Na urefu huu ni tanga kabisa."

"Mzee, wewe nawe! Unaogopa hata upepo?"

"Wa hapa naujua, mama."

Siku ikafika. Jioni mwezi mchanga ulikuwa juu ya majabali ya Mwanza, nao upepo ukapanda kutoka ziwani. Ndani ya lenzi mwezi ukarukaruka. Mwenyekiti wa bodi alichungulia, akafuta jicho. "Nimeona maziwa yanachemka," alisema. Watu wakacheka.

Mkuu wa Shule akamgeukia Msimamizi. "Haya mzee, fanya unavyojua."

Tukaliteremsha, tukafunga bomba letu dogo la zamani.

"Hiyo chupa ya chai ndiyo nini?" mzazi mmoja akauliza.

Wa kwanza kuinama alikuwa bibi wa mwanafunzi, aliyetoka Misungwi. Akang'ang'ania pale mpaka foleni ikanung'unika.

"Kumbe kuna mawe!" akapaza sauti. "Jamani, kuna Mwanza nyingine kule juu!"

Mwenyekiti akarudi kwenye foleni. Mara mbili. Chumba hakikugeuzwa stoo.

Baadaye lile bomba refu lilipata stendi nene inayolifaa. Msimamizi alistaafu, nikashika nafasi yake mpaka zamu yangu ya kustaafu ikafika. Shuleni waliponiuliza nataka ukumbusho gani, niliomba ile stendi ya mbao. Ipo barazani kwangu, imebeba bomba dogo. Wajukuu huniuliza nitanunua kubwa lini. Nawajibu kwamba punda ni mzee, tumwonee huruma. Kisha wanapokezana kuchungulia, wakibishana ni jabali gani la mwezini linalofanana na letu.