Shuka Mlangoni

Jua halijapata nguvu ya kuvuka ukuta wa jirani, na Mama Shuka tayari ameinama juu ya kitanda cha mumewe. Mkono mmoja ameuweka begani kwa mgonjwa, wa pili nyongani. "Haya, Fundi, tunageuka," anasema. Anavuta pumzi, anamlaza ubavu, anaikunja shuka chafu kwa urefu mpaka mgongoni pake, anaitandaza safi mahali palipoachwa wazi. Kisha anazunguka kitanda, anamgeuzia upande wa pili, anaivuta chafu itoke na safi ipite. Mgonjwa hakuinuliwa, wala godoro halikubaki tupu hata kidogo.

Akimaliza anashika kichwa cha kitanda na kusimama pale, macho ameyafumba. Mgongo wake una maneno yake, na asubuhi ndiyo saa ya kuyasema.

"Siku hizi hauniulizi kama nina nafasi ya kuusikiliza," anasema, na anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Ana umri wa miaka sitini na saba. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, akipokea shuka za wodini, za wazazi na za chumba cha upasuaji, akizirudisha nyeupe na zimenyooka. Jina alilopewa na wazazi wake analikumbuka karani wa pensheni peke yake. Mtaa mzima unamwita Mama Shuka, na yeye huitika.

"Miaka yote ile niliona shuka, mgonjwa sikumwona," anasema. "Nilijua huyu katapika, huyu kavuja damu, huyu amelala sana upande mmoja. Uso wake sikuujua. Sasa Mungu kaniambia, haya bibi, mwone na mwenye shuka."

Mwenye shuka ni mumewe, ambaye kila mtu humwita Fundi. Alikuwa mtunza boila katika hospitali hiyohiyo. Mvuke wa boila yake ulipita kwenye bomba hadi chumba cha kufulia, ukazipasha moto rola za kupigia pasi. Mvuke ukilegea, shuka zilitoka na unyevu, na wauguzi wakafoka. Siku moja msichana mgeni wa chumba cha kufulia alitumwa akamgombeze mtu wa boila.

"Mvuke wako leo umelala na nani?" aliuliza, mikono kiunoni.

"Umelala peke yake, kama mimi," Fundi alijibu bila kugeuka.

Wafuaji waliokuwa wakichungulia mlangoni walicheka mpaka msimamizi akatoka kuuliza kulikoni. Kabla mwaka haujaisha, barua ya posa ilikuwa imeshafika nyumbani kwa kina msichana.

Walistaafu mwaka mmoja. Kiinua mgongo chake kiliezeka paa. Cha Fundi kiliongeza chumba cha nyuma, ambacho sasa ndicho cha mgonjwa. Pensheni ingalipo, ila Mama Shuka anaifananisha na chai iliyoongezwa maji mara ya tatu: rangi unaiona, utamu usiuulize.

Wapo wanaodhani kustaafu ni kupumzika. Watu wa namna hiyo aghalabu bado wako kazini. Mwaka jana Fundi alikuwa ameinama akimtengenezea jirani pampu ya maji, mara spana ikamtoka mkononi. Alipoinama kuiokota, hakuinuka. Kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kulia, kikamchukua na maneno. Limebaki moja tu. Akitaka maji, akiumwa, akifurahi, akikasirika, husema, "Mvuke." Wageni huhisi anaweweseka. Mkewe husikiliza namna lilivyotamkwa, akajua kama ni uji au ni dirisha.

Wanawe wanasaidia, na haiwi haki kusema vinginevyo. Lakini mwezi uliopita mwanawe wa pili, mhasibu katika mji mwingine, alikuja bila taarifa akamkuta mama yake ameegemea ukuta wa ukumbini, beseni la nguo miguuni, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Alimpeleka kwa daktari siku ileile. Daktari alisema mgongo ule ukiendelea kunyanyua, nyumba itakuwa na wagonjwa wawili na muuguzi hakuna.

Kijana akakata shauri. Apatikane mtu wa kushika kazi kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo atamchukua baba yake akakae kwake, ambako kuna chumba cha chini na mhudumu wa kulipwa.

"Na mimi?" mama aliuliza.

"Utakuwa unakuja kumtembelea, Mama."

"Niliolewa niwe mgeni wa mume wangu?"

Kijana hakuwa na ubaya, na mama anakiri hivyo. Lakini tangu siku hiyo, kila akikunja shuka anaona kama anakunja nyumba.

Ajabu ni kwamba mtu wa kushika kazi yupo, tena si mbali. Ni wifi yake, mdogo wa Fundi, mjane aliyekuwa mpishi wa shule, mwanamke wa sauti kubwa na mikono mikubwa. Mara tatu alikuja amejifunga kanga kiunoni tayari kwa kazi. Mara tatu alipewa kiti, chai na shukrani, akaambiwa, "Kaa tu, wifi." Alikaa, akamtazama mwenzake akihangaika, chai ikapoa, akaondoka.

"Nilimkaribisha kwa mdomo nikamfukuza kwa mikono," anasema Mama Shuka.

Watakuwepo wa kumwita mkaidi. Ukaidi huohuo ndio uliovifanya vitanda vya hospitali nzima kuwa vyeupe kwa miaka thelathini na mmoja, na si haki kuusifu kazini na kuulaani nyumbani. Hata hivyo ulikwisha kumponza mara moja, mahali ambapo hakuna aliyemtarajia kufika.

Kifungua mimba wake, binti, ni mpishi katika meli ya wageni inayosafiri kwenye mto mrefu ng'ambo. Msimu wa watalii unapofifia na vyumba kubaki vitupu, wafanyakazi wa meli ile huruhusiwa kuwaalika wazazi wao kwa wiki moja. Ndivyo ilivyotokea kwamba, mwaka wa pili wa kustaafu, mtunza boila na mfua shuka walipanda ndege kwa mara ya kwanza, wakashukia penye baridi ya kukata masikio, wakaingizwa ndani ya meli ndefu na bapa, mfano wa ghorofa iliyolazwa ubavu ili ipite chini ya madaraja.

"Nilitegemea maji ya kwenye kalenda," anakumbuka. "Nikakuta maji ya suuzo la pili. Lakini kingo zake, mwanangu! Mizabibu imepandwa mlimani kwa mistari kama shuka ya wodi ya watoto. Na bata, wanaogelea na baridi yote ile, hakuna anayewahurumia."

Fundi hakuyajali mashamba. Alivaa sweta mbili na kofia ya kuazima, akauweka mkono ukutani kusikiliza injini kama daktari anayepima kifua. Siku ya pili mhandisi wa meli alimwonea huruma, akamteremsha chini. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Walikaa huko asubuhi nzima wakionyeshana kwa vidole, na Fundi alirudi na grisi kwenye mkono wa sweta na furaha ya bwana harusi.

Mkewe naye alikuwa na lake. Asubuhi ya kwanza aliamka mapema, akavua shuka zote za kitandani, akazikunja kihospitali, upande mchafu ndani, akaziweka nje ya mlango. Huko alikotoka, mwenye adabu ndivyo afanyavyo, ili anayekusanya asihangaike. Akafanya hivyo siku ya pili, na ya tatu.

Siku ya pili mkuu wa vyumba alikuja mwenyewe, akainamisha kichwa, akabadilisha mito. Siku ya tatu alileta chombo cha maua. Jioni yake likaja kapu la matunda.

"Mama watoto, endelea kukunja," Fundi alimwambia, mdomo umejaa zabibu. "Kesho watatuletea mbuzi."

Mbuzi hakuja. Alikuja binti yao, aproni bado kiunoni, uso umemshuka.

"Mama, shuka unazitoa za nini?"

"Namsaidia yule msichana wa vyumba. Mdogo vile, kazi yote ile."

"Hapa shuka mlangoni maana yake mgeni amekuta kitanda kichafu. Yule msichana ameshaonywa mara mbili. Yuko jikoni analia, ananiuliza, wazazi wako nimewakosea nini?"

"Lakini mimi namsaidia!"

"Humsaidii, Mama. Unamfukuzisha kazi."

Mama Shuka anapofika hapa huipangusa meza ambayo haina vumbi. Anasema alimfuata msichana huyo, akamshika mikono yote miwili, binti yake akatafsiri. Mkuu wa vyumba naye akaelezwa, na onyo likafutwa. Asubuhi iliyofuata msichana aliingia kutandika, na mgeni wake alitakiwa kukaa kwenye kiti cha dirishani asiguse kitu.

"Nikaikalia mikono yangu," anasema. "Kweli kabisa, nikaiweka chini ya mapaja nikaikalia. Nikamtazama anavyopiga kona za shuka. Nilitafuta kosa, sikulipata. Iliniuma kidogo."

Siku hiyo ndiyo anayoikumbuka kuliko zote. Walikaa juu ya meli na mablanketi magotini. Meli iliingia katika chumba cha zege, kuta zake ndefu zinavuja maji, malango yakafungwa nyuma na mbele. Alidhani wamekwama. Kisha maji yakaanza kuingia kwa chini, polepole, yakaiinua meli, na ukuta ukaanza kushuka pembeni mwao, mpaka macho yao yakawa sawa na nyasi, na mbwa wa mlinzi wa malango akawabwekea uso kwa uso.

"Unaona, mama watoto?" Fundi alisema. "Umepanda, na umekaa."

Hivyo ndivyo alivyozungumza alipokuwa na maneno yote.

Wiki iliyopita wifi alikuja kwa mara ya nne. Akapewa kiti, chai na shukrani. Hakuigusa chai. Alimtazama mke wa kaka yake akimgeuza mgonjwa, akamwona akiuma meno pale mgongo ulipokataa, akaona jasho. Ile sauti yake kubwa ikatoka ndogo.

"Wifi, nimekukosea nini?"

Mama Shuka alikuwa ameishika shuka safi kwa ncha mbili. Anasema ilikuwa kama mtu amefungua dirisha, baridi ya ule mto ikaingia. Maneno yaleyale, kutoka kwa mtu mwingine, katika lugha ambayo safari hii haikuhitaji mkalimani. Alinyoosha mkono, akampa wifi ncha moja ya shuka.

Tangu hapo chumba cha nyuma hakina utulivu, na huenda ndiyo dawa kiliyoikosa.

"Kona hiyo, wifi! Imelala kama mlevi."

"Nimepakulia watoto mia nne kwa mkono huu, leo unifundishe kitambaa?"

"Kitambaa kina kona nne. Sufuria lako halina hata moja."

"Ndiyo maana halikuniumiza mgongo! Sogea huko."

Fundi, katikati yao, hucheka kwa nusu ya uso iliyobaki. "Mvuke," anasema.

"Kaka anataka nini?"

"Anataka tupunguze kelele."

"Mwongo wewe. Anasema kona zangu nzuri."

Mhasibu amepigiwa simu. Shangazi yake alimwambia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani kwamba baba yake haendi popote. Kijana ni mtu wa hesabu. Amejibu kwamba atakuja mwisho wa mwezi, aone kwa macho yake mwenyewe kama mama anapumzika au wazee wamepanga njama. Kwa hiyo jambo halijakwisha. Mgongo wa Mama Shuka haujapona, na wala yeye hadai umepona. Usiku bado huamka Fundi akikohoa, na mchana husinzia katikati ya sentensi. Uchovu wa mwaka mzima hauishi kwa wiki moja.

Ila ana mpango. Baada ya mhasibu kuja kukagua, kifungua mimba naye atarudi likizo, meli ikishafungwa kwa majira ya baridi. Kila likizo humkuta mama yake amesimama: kwenye kamba ya nguo, kwenye beseni, kando ya kitanda.

"Safari hii sitaki maua wala matunda," anasema. "Nataka anikute nimekaa."

Wifi anaingia na beseni la maji ya uvuguvugu, anamsogeza mwenzake kwa nyonga, kama mtu anayefunga mlango kwa sababu mikono imejaa. Mama Shuka anasogea. Anakaa kwenye kiti kilicho karibu na kichwa cha mumewe. Huko miguuni mwa kitanda kona ya shuka imetoka, inaning'inia. Ameiona, aliiona kabla hajakaa. Anatazama dirishani. Anaitazama tena kona. Kisha anaiingiza mikono yake chini ya mapaja, mmoja baada ya mwingine, na kuikalia.