Mama Valerie Ampeleka Hélène Kujiandikisha

Watu wakimsikia Mama Valerie akiomba chumvi kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, hudhani ni Mtanzania. Yeye ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Alabama. Alikwenda Dar kufundisha akiwa msichana, akaolewa na mkimbizi kutoka Afrika Kusini, na utawala wa kibaguzi ulipoanguka akamfuata mumewe hadi Johannesburg. Sasa ni mjane wa miaka karibu themanini. Anaishi mtaa wa Observatory, mlango kwa mlango na Hélène, fundi cherehani kutoka Bukavu, Kongo. Hutaniana kutwa. Hélène hakubali kumwita bibi, maana kwao bibi ni mke wa mtu.

Mwaka huu Hélène alipata uraia. Wikendi ya kujiandikisha kupiga kura ilipofika, akaanza kusingizia nguo za wateja.

"Mama, naogopa," alisema mwishowe kwa Kiswahili cha kwao. "Kwa foleni bataniuliza natoka wapi."

Mama Valerie akazima jiko. "Keti nikuambie habari za mama yangu."

Mama yake alikuwa akiwafulia Wazungu nguo. Kwenye karatasi alikuwa na haki ya kura, lakini wenye ofisi walimnyima. Alipokwenda kujiandikisha, Valerie alifuatana naye. Karani wa Kizungu akampa kipande cha katiba asome. Akasoma bila kukwama. Karani akasema amesoma haraka mno, kwa hiyo hakuelewa. Tangu hapo, hakuna nyumba iliyompa tena nguo za kufua.

"Akaacha?"

"Alilia, mwanangu. Halafu akarudi. Akafukuzwa, akarudi tena, na wenzake wakazidi kuongezeka. Watu walipigwa marungu barabarani, wengine wakauawa. Hata sheria mpya ilipopita, siku ya kura alikwenda anatetemeka. Mimi ndiye niliyemshika mkono."

Asubuhi wakaenda pamoja, Mama Valerie amejifunika koti la marehemu mumewe. Msimamizi akamwambia apite mbele.

"Nimekuja na mwanangu," akajibu. "Tutangoja."

Mwanamume mmoja nyuma yao alisikia Kiswahili chao, akafoka kwa Kizulu kwamba wageni warudi kwao. Hélène akageuka aondoke. Mama Valerie akamshika kiwiko, kisha akamgeukia yule bwana kwa Kizulu chake cha kuungaunga.

"Huyu ni raia kama wewe. Maneno hayo niliyasikia utotoni, kwa watu ambao wewe pia wangekufukuza."

"Eish, mwacheni bibi wa watu!" mwanamke mmoja akapaza sauti. Bwana yule akainamia simu yake.

Hélène akaandikishwa. Alitoka nje anacheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia Mama Valerie karibu amwangushe.

Wiki ileile alishona magauni mawili ya kitenge kimoja, lake na la Mama Valerie, ya kuvaa siku ya kura. Mama Valerie analalamika kwamba lake linambana kifuani. Ameshalivaa kanisani, na kwa daktari pia.