Bomba Jekundu la Baba Neema

Niliondoka Mbweni siku ya Jumatano kwa sababu ya mayai. Kila asubuhi napeleka trei za mayai kwenye hoteli za Mbezi Beach kwa pikapu yetu ya dizeli, na Jumatatu ya wiki ile mpishi wa hoteli moja alifunua trei mbele yangu, akanitazama, akauliza kama siku hizi nauza uji. Jumanne ikawa mbaya zaidi. Tulikuwa Tegeta, mimi na binti yetu Neema akiwa na sare zake za shule, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu, kisha gari likahama njia lenyewe na kuelekea kwenye lori la mchanga. Niliuvuta usukani kwa mikono yote miwili. Dereva wa lori alinitukana tusi ambalo Neema aliniuliza maana yake mpaka tunafika shuleni.

Jioni nilimweleza mume wangu. Alisikiliza huku anatazama simu, akasema, "Hiyo ndiyo tabia ya gari la mashindano, Mama Neema. Utalizoea."

Baba Neema ni mtu wa ofisi. Anashinda mjini kwenye kiti kinachozunguka, na akirudi hulalamikia mgongo. Mwaka huu alijiunga na klabu ya wenye pikapu, wanaume wa Mbweni na Mbezi Beach wanaovaa fulana za kufanana na kukutana Jumamosi kuvuka tope. Tope lenyewe wanalitengeneza kwa boza la maji, katika mji ambao mvua ikinyesha kila mtu analipata bure mlangoni kwake. Kwa ajili hiyo pikapu ya mayai ilinyanyuliwa, ikafungwa matairi makubwa, na mimi nikawa napanda kwa kigoda. Mwisho akaifunga stelingi ya mashindano, yaani tairodi mbili nene nyekundu, vile vyuma vya chini vinavyopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu.

Mjini hapa stelingi ni maneno mawili: usukani wa gari, na yule mtu wa kwenye sinema asiyekufa hata apigwe risasi ngapi. Baba Neema alinunua la kwanza akitafuta la pili. Wenzake wa klabu waliinama chini ya gari mmoja mmoja, wakainuka wakisema, "Bomba, kaka. Bomba sana." Picha zilipigwa, nyingine akiwa amelala chali pembeni ya gurudumu kama mgonjwa anayesubiri daktari.

Tangu siku hiyo hakuliendesha tena. Kila asubuhi aliacha funguo mezani na kwenda kupanda gari la jirani. Nilidhani ananionea huruma na trei zangu. Nilidhani ni mapenzi, na niliwasimulia hivyo baadhi yenu, majirani zangu.

Jumatano hiyo, saa mbili asubuhi nilikuwa Mbezi Beach. Nilishusha mayai yaliyosalimika, nikashika Barabara ya Bagamoyo kuelekea mjini kulitafutia gari tiba, kwa mwendo wa msafara wa arusi, kwa sababu nikizidisha kidogo tu usukani ulianza kucheza. Nyuma yangu watu walipiga honi. Kwenye taa za Mwenge mwanaume mmoja kwenye gari la pembeni alishusha kioo.

"Sista, hicho chuma bomba."

Nilimshukuru huku nimeng'ang'ania usukani kama kamba ya kisima. Ubungo nilimwomba Mungu. Barabara ya Mandela nilimwomba tena, maana malori ya huko hayana habari na mtu anayetembea upande upande.

Saa nne, Buguruni. Baba Neema alikuwa amenitajia duka moja la spea aliloanzia kuulizia tairodi, la mzee wa Kihindi aitwaye Murtaza, ambaye babu yake aliuza spea hapo hapo kabla yake. Nilimkuta nyuma ya kaunta, anakunywa chai na kukagua beringi kwa miwani iliyoshuka mpaka ncha ya pua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama." Alichungulia nje. "Hilo gari nalijua. Mwenyewe mrefu, anavaaga miwani ya jua ndani ya duka?"

"Ndiye mume wangu."

"Pole." Akaingia ndani, akarudi na tairodi mbili nyeusi zilizofungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Hazikuwa na uzuri wowote. "Hizi ndizo nilimpa. Imara, na ncha zake mpya. Akasema nyeusi haionekani kwenye picha. Nikamwambia, bwana, ukiona tairodi kwenye picha ujue gari limepinduka."

"Akasemaje?"

"Akanuna, akaondoka. Hizi nikaziweka. Nilijua iko siku atakuja mwenye akili."

Nilizinunua. Nakiri nilicheka njia nzima mpaka Tazara, kwa vile nilikuwa nimepata hadithi ya kuwasimulia. Mume wangu mjinga, picha zake, miwani yake. Hadithi za namna hiyo ninazo nyingi, na nyie mnazijua.

Saa sita, Temeke. Gereji ya fundi Shomari ni uwanja mmoja wenye kivuli cha turubai, magari matatu yasiyo na injini, na fundi mwenyewe, mtu mfupi mpole aliyelala juu ya boksi lililofunuliwa. Ndiye aliyefunga zile nyekundu. Nilimwambia azitoe. Aliinyanyua pikapu kwa jeki, akalegeza klipu, kikatoka kitu chekundu kirefu. Ndani yake, imefichwa kama mwizi ndani ya kanzu, ilibaki tairodi ile ile ya zamani.

Shomari alikwangua ile rangi nyekundu kwa bisibisi. Chini yake palikuwa na bomba la maji, na ile ya pili vivyo hivyo. Mwishoni bado lilikuwa na meno ya kufungia koki. Klabu nzima ilikuwa imesema kweli bila kujua.

"Njoo uone huku, mama," alisema, akaitikisa ncha ya ile tairodi kuukuu kwa vidole viwili. Ilicheza kama jino la mtoto. "Hii imekwisha. Mlivyoongeza matairi makubwa ndiyo ikamalizika kabisa. Bomba linaificha tu."

"Na wewe ndiye uliyelifunga."

"Ni mie. Lakini si nilimwambiaga mzee wako."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia hii urembo tu. Ncha hazifai, ikichomoka moja mwendoni gurudumu linageukia linakotaka, hulizuii. Nikamwambia gari asilitembeze mpaka abadilishe. Akasema poa, halitembei, la kupigia picha tu."

"Shomari, gari hili linatembea kila siku. Naliendesha mimi, na mtoto kakaa pembeni."

Alichukua tambara akafuta mikono, vidole vyote kumi, kimoja kimoja.

"Hilo sikulijua, mama," alisema. "Wallahi sikulijua."

Kicheko cha Buguruni kiliniishia. Lakini sikutaka kuamini haraka. Mafundi wa mji huu wote, ukiwabana, walishamwambia mwenye gari. Injini ikiungua, walimwambia. Breki zikifeli, walimwambia, tena mara mbili. Kwa hiyo ama Shomari alikuwa mwongo, ama baba wa mtoto wangu alijua nimekalia nini kila asubuhi, akaacha funguo mezani. Nilikaa juu ya ringi la tairi nikitamani kwa moyo wangu wote fundi awe mwongo.

Alizifunga zile nyeusi za Mzee Murtaza. Nilipoona anakaza nati ya mwisho, wazo likanijia.

"Zipake rangi nyekundu."

"Rangi haiongezi nguvu, mama."

"Najua. Wewe paka, na klipu zake uzirudishe vile vile."

Rangi ilipokauka, tulilipeleka gari jirani pale kufanyiwa alaimenti, magurudumu yatazame mbele sawasawa. Bomba moja nililifunga kwenye gunia la chakula cha kuku, nikalisukuma chini ya kiti.

Saa kumi nilianza safari ya kurudi. Pikapu ilinyooka. Nilishika usukani kwa mkono mmoja, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau, na malori ya Mandela niliyapita bila kumsumbua Mungu. Furaha yangu ilikuwa nusu tu, kwa sababu kila nilipokaribia Mbweni nilikaribia kuuliza swali.

Niliuliza wakati anakula.

"Yule fundi alikwambia chochote kuhusu zile tairodi?"

"Alisema ni OG, orijino kabisa. Zinazidi hata za kiwandani," alisema, akaongeza mchuzi.

Siku mbili zile nilimwombea mume wangu ujinga. Nilimwambia Mungu, mjinga nimemzoea, niachie huyo huyo.

Jumamosi, Bunju. Pikapu kumi na kitu zimeng'arishwa kwa nta kabla ya kuingizwa topeni. Njia ya mashindano iliteremka kwenye korongo, ikakata kona kali chini, ikapanda. Gari likikosea kona, linakutana na ukingo. Mwenyekiti wa klabu alishika kipaza sauti: "Na sasa anakuja stelingi wetu, Baba Neema!" Watu walipiga makofi. Nilikuwa nimeleta gari mwenyewe, na nyuma niliweka trei za mayai za hoteli, kwa kuwa biashara haingoji tope likauke.

Baba Neema alikuja na helmeti mkononi. Alilizunguka gari. Aliinama, akaziona nyekundu, akainuka. Jasho lilikuwa linamtoka, na jua la asubuhi lilikuwa bado dogo. Alishika kitasa cha mlango, akalitazama korongo, akaachia kitasa.

Nilikuwa nimesimama karibu, nikisema kimoyomoyo, panda. Panda, mwanaume, uwe mjinga.

"Mama Neema," alisema kwa sauti ya chini, "tumbo limenishika. Hebu lipitishe wewe, raundi moja tu."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe si umelizoea."

Sikupiga kelele. Niliingiza mkono chini ya kiti, nikavuta gunia, nikamkabidhi bomba mbele ya fulana zote zile.

"Shika bomba lako."

Alilitazama lile bomba lililokwanguliwa, na meno yake ya koki. Akainama tena kutazama chini ya gari, kwenye zile nyekundu nyingine. Alipoinuka hakunitazama usoni, na hakuuliza nimelipata wapi. Nilipanda kwa kigoda changu, nikakivuta ndani, nikawasha. Mwenyekiti alinionyesha njia ya korongo. Nikakata kushoto, nikatokea barabarani.

Mbezi Beach mpishi alifunua trei zote. Halikuwa limepasuka yai hata moja. Aliniuliza gari limepona? Nikamwambia gari limepona.

Safari hii imenifundisha mambo machache. Tairodi nzuri ni nyeusi na haina umbo la picha. Na kwenye sinema ni kweli stelingi hafi, ila hakuna anayewahesabu waliokuwa wamekaa pembeni yake. Miaka yote hii nimewachekesha, majirani zangu, kwa kuwaambia nimeolewa na mjinga. Nawaomba radhi. Hakuwa mjinga.